Chumvi moja, madaraja matano: angalia unachoandika kwenye fomu ya alama

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Kiangazi kikikolea, mashamba ya chumvi ya Nunge, kando kidogo ya mji wa Bagamoyo, hung'aa kama bati jipya. Chumvi hukwanguliwa, hurundikwa, hukauka, kisha hupakiwa. Zamani sehemu kubwa yake iliondoka kwa gunia lisilo na jina lolote, na mnunuzi alichouliza ni weupe, ukavu na bei. Sasa anayetaka kuweka chumvi yake kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam sharti awe na pakiti, pakiti iwe na jina, na jina liwe lake yeye na si la mwingine.

Hapo ndipo wengi wanapofunga safari ya BRELA, au siku hizi wanapoingia kwenye mtandao wake wa usajili, wakiwa wamejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Nembo imechorwa vizuri na mchoraji amelipwa. Jina limefikiriwa usiku na mchana na familia nzima. Lakini inapofika sehemu inayomtaka mwombaji aeleze ni bidhaa zipi zitakazobeba jina hilo, mtu anaandika neno moja, "chumvi", au maneno mawili, "biashara mbalimbali", na kuendelea mbele.

Wiki hii safu yetu inaziacha bei zipumzike na kuitazama sehemu hiyo ya fomu, kwa sababu ndiyo yenye fedha.

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Namba 12 ya mwaka 1986. Msingi wake ni kwamba mwenye alama iliyosajiliwa anapata haki ya kuitumia peke yake kwa bidhaa au huduma alizoisajilia. Maneno "alizoisajilia" ndiyo yanayosahaulika. Serikali haikupi jina liwe mali yako kila mahali na kwa kila kitu, kama mtu anavyomiliki shamba na kila mti ulio ndani yake. Inakupa jina kwa vile vitu ulivyovitaja. Usichokitaja hakimo.

Vitu hivyo hupangwa kwa madaraja. Mpangilio wenyewe ni wa kimataifa na ulikubaliwa katika mji wa Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1999, mwaka uleule BRELA ilipoanzishwa. Yapo madaraja 45. La 1 hadi la 34 ni ya bidhaa, na la 35 hadi la 45 ni ya huduma. Hapa kwetu kila daraja lina ombi lake na ada yake, kwa hiyo anayetaka madaraja matatu anaomba mara tatu na kulipa mara tatu.

Turudi kwenye chumvi. Tuseme, kwa mfano tu, mfanyabiashara wa Nunge anataka jina "Nyota". Anauza chumvi ya mezani iliyotiwa madini joto. Hiyo ni daraja la 30, pamoja na sukari, chai, kahawa, unga na viungo. Chumvi anayowauzia wachuuzi wa samaki kwa ajili ya ng'onda nayo ni daraja la 30, kwa kuwa inahifadhi chakula. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Lakini chumvi hiyohiyo, kutoka shamba hilohilo, ikiuzwa kwa wenye ngozi za ng'ombe ili zisioze kabla ya kufika kiwandani, imetoka daraja la 30 na kuingia daraja la 1, la kemikali na malighafi za viwanda. Chumvi ghafi isiyosafishwa nayo imo humo. Ikiuzwa kwa wafugaji kama chumvi ya ng'ombe, ni daraja la 31, pamoja na vyakula vya mifugo, mazao mabichi na wanyama hai. Akiitia manukato na kuiuzia hoteli za ufukweni iwe chumvi ya kuogea, ni daraja la 3, la sabuni na vipodozi. Na kama kwenye pakiti hiyo ya kuogea ameandika kwamba inatibu maumivu ya viungo, amehamia daraja la 5, la dawa.

Chumvi ni moja, jua ni lilelile na koleo ni lilelile, ila madaraja ni matano. Mpangilio hauulizi kitu kimetoka wapi. Kwa bidhaa iliyokamilika swali la kwanza ni kazi yake: nani ataitumia na kwa shughuli gani? Kwa malighafi swali ni kimetengenezwa na nini. Mwenye kulishika hilo amemaliza nusu ya kazi.

Sasa tazama hasara inavyoingia. Mtu wetu wa "Nyota" ameandika "chumvi ya kula" katika daraja la 30, akapata cheti na kukitundika ukutani. Miaka miwili baadaye anagundua kwamba wafugaji ndio wateja wake wakubwa. Anakwenda kuongeza chumvi ya mifugo kwenye cheti chake, anaambiwa haiwezekani. Orodha ya bidhaa unaweza kuipunguza, kuipanua huwezi. Anatakiwa kuleta ombi jipya, kwa ada mpya na, kibaya zaidi, kwa tarehe mpya. Kama katika miaka hiyo miwili mwingine ameomba "Nyota" kwa chakula cha mifugo katika daraja la 31, tarehe ya huyo ndiyo iliyotangulia.

Ni kweli sheria haikumwacha mtupu. Inakataza pia alama inayofanana kwa bidhaa zenye uhusiano wa karibu, hata kama daraja ni tofauti. Namba ya daraja ni ya kupangia majalada, haimzuii mtu kuhoji kwamba chumvi ya binadamu na chumvi ya ng'ombe ni ndugu. Lakini kuhoji ni kuhoji. Kunahitaji wakili, muda na mashahidi, wakati mwenzake ana cheti tu mkononi. Ada ya daraja la pili ingekuwa nafuu kuliko wakili.

Katika kupitia makosa ya kawaida, safu hii imeona matatu yanayostahili kusemwa kwa sauti.

La kwanza ni la kifungashio. Mtu anauza chumvi ndani ya mfuko wa plastiki wenye jina lake. Kwa kuwa jina limechapwa kwenye mfuko, anadhani bidhaa ni mfuko, basi anaomba daraja la 16 ambamo mna mifuko ya karatasi na ya plastiki ya kufungia vitu. Amelinda mfuko ambao hauzi na ameacha chumvi anayouza. Vivyo hivyo kwa anayeomba daraja la 25, la nguo, kwa sababu vijana wake wa mauzo wamevaa fulana zenye nembo. Kama fulana hazipo dukani kwa kuuzwa, hazina kazi kwenye fomu.

La pili ni la daraja la 35. Humo kumeandikwa matangazo na uendeshaji wa biashara, na mtu akiona neno "biashara" anasema hili ndilo langu, kwani mimi si mfanyabiashara? Daraja hilo ni la anayewafanyia wengine: wakala wa matangazo, mshauri wa biashara, au mwenye duka linalokusanya bidhaa za watu na kuziuza. Kutangaza chumvi yako mwenyewe si huduma unayomuuzia mtu.

La tatu ni kuchanganya jina la biashara na alama ya biashara. Vyote viwili vinasajiliwa BRELA, na pengine ndiyo maana watu huviona ni kitu kimoja. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya kulishika jina hilo kwenye pakiti za chumvi. Tumesikia wenye duka wakikitoa cheti hicho kwa majivuno mtu anapowaiga, kisha wakarudi nyumbani wamenyamaza.

Chumvi tumeichagua kwa sababu ni nyeupe na rahisi kuonekana. Mazao mengine ya ukanda huu nayo yana visa vyake. Nanasi la Kiwangwa likiuzwa bichi ni daraja la 31. Likikaushwa, likiwekwa kwenye kopo au likifanywa jamu, ni la 29. Likikamuliwa kuwa juisi ni la 32, na likichachushwa kuwa mvinyo ni la 33. Anayeandika "bidhaa zote za nanasi" hajaandika kitu, kwa kuwa ofisi haiwezi kujua ni daraja gani analipia.

Samaki naye daraja lake hutegemea uhai. Kaa anayetembea ndani ya tenga ni daraja la 31. Kaa huyohuyo akishakufa, awe wa barafu au wa kupikwa, ni la 29. Dagaa wakavu, pweza na kamba wa barafu wote ni la 29. Wavu wa mvuvi ni la 22, ndoano yake ni la 28, ngalawa yenyewe ni la 12, kuikarabati ni la 37, na mafunzo ya uvuvi kama yale yatolewayo Mbegani ni la 41.

Mnazi ndio wenye ukoo mkubwa kuliko wote. Nazi ni 31, tui ni 29, mafuta ya nazi ya kupikia ni 29, lakini mafuta hayohayo yakiwekwa kwenye chupa ya kupaka nywele ni 3. Kamba ya usumba ni 22, zulia la mlangoni ni 27, ufagio ni 21, na mkaa wa vifuu ni 4. Kikundi kinachotengeneza mafuta ya nazi na kuandika "mafuta ya nazi" bila kusema ya nini kinamwachia ofisa aamue, na ofisa hajui kama wateja wao wako jikoni au saluni.

Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani wana swali la namna hiyohiyo, na kwao lina uzito zaidi. Mwani mbichi wa kuliwa ni daraja la 31, mwani wa kurutubishia shamba ni la 1, sabuni ya mwani ni la 3. Faida kubwa iko kwenye sabuni, si kwenye mwani mkavu unaopimwa kwa kilo na kwenda kwa mnunuzi mmoja. Jina likisajiliwa kwa mwani peke yake, linalinda ile sehemu ya biashara ambayo mnunuzi hata haangalii jina.

Mafundi wa mbao nao wasisahauliwe. Bagamoyo ni mji wa milango ya nakshi. Mlango wa nyumba ni daraja la 19, pamoja na vifaa vya ujenzi visivyo vya chuma. Sanduku la mbao lenye nakshi zilezile, la fundi yuleyule, ni la 20, pamoja na samani. Kinyago cha mbao ni la 20, ila cha jiwe ni la 19 na cha udongo uliochomwa ni la 21. Ngoma ni la 15. Kuipiga ngoma hiyo jukwaani, au kuifundisha kama wafanyavyo TaSUBa, ni huduma ya daraja la 41.

Msomaji atauliza: basi si heri kuandika kila kitu, nimalize? Wapo wanaofanya hivyo, na wapo mawakili wanaowashauri hivyo. Safu hii haikubaliani nao, walau kwa mwenye mtaji mdogo. Kwanza ni ada kwa kila daraja. Pili, alama isiyotumika kwa miaka mitatu mfululizo kwa bidhaa iliyosajiliwa inaweza kuombewa ifutwe kwa bidhaa hiyo. Anayesajili chumvi ya kuogea asiyokuwa na mpango nayo anamkodishia jirani kiti kwa muda tu. Tatu, kadiri orodha inavyokuwa ndefu ndivyo inavyogusana na alama za watu wengine, na ndivyo pingamizi zinavyopata pa kushika.

Kipimo tunachoona kinafaa ni hiki: andika unachouza leo, na unachojua kwa hakika utauza ndani ya miaka mitatu hiyo. Kiandike kwa jina ambalo mteja sokoni angelielewa, na matumizi yake pembeni. "Chumvi ya mezani yenye madini joto, chumvi ya kuhifadhi samaki" inashinda "chumvi na bidhaa zinazohusiana nayo". Hayo maneno "zinazohusiana nayo" yanapendwa sana na hayasaidii mtu.

Kampuni kubwa zina uwezo wa kwenda mbali zaidi. Jina la Azam liko kwenye unga, juisi, boti za kwenda Unguja, televisheni, na sasa sukari inayotokana na mashamba ya Makurunge humu humu Bagamoyo. Unga na sukari ni daraja la 30, juisi ni la 32, usafiri wa boti ni la 39, utangazaji wa televisheni ni la 38. Jina ni moja, lakini kwenye fomu ni kazi nyingi tofauti. Anayetaka kuiga aanze na kuhesabu.

Kwa upande mwingine, kusoma orodha ya bidhaa kunaondoa hofu isiyo na msingi. Mwaka 2018 palizuka kelele Afrika Mashariki nzima kwamba kampuni ya Disney ya Marekani imejichukulia maneno "Hakuna Matata". Ombi lao lilipelekwa mwaka 1994, mwaka filamu ya The Lion King ilipotoka, na usajili ukakamilika Marekani mwaka 2003. Uchungu wa watu ulieleweka, maana maneno ni yetu sote. Lakini aliyefungua daftari la usajili huo alikuta bidhaa ni fulana, daraja la 25, na nchi ni Marekani. Mwenye mgahawa wa jina hilo ufukweni hakuwa amekatazwa kitu. Safu hii haisemi kwamba kitendo kilikuwa cha haki. Inasema tu kwamba ugomvi wa alama huanzia kwenye orodha ya bidhaa, na wengi tuliupigia kelele bila kuisoma.

Kuhusu utaratibu, hatutarefusha. Mwombaji kwanza aombe upekuzi ili ajue kama jina linalofanana lipo katika daraja lake na katika madaraja ya jirani. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye gazeti la alama, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Usajili hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Jina la mahali likisimama peke yake, kama "Bagamoyo", ni gumu kupewa mtu mmoja, kwa kuwa wenzake wa hapo wanalihitaji pia.

Wenye vyeti vya zamani wana jambo lao. Kabla ya mwaka 2002 mpangilio wa kimataifa ulikuwa na madaraja 42 tu, na hoteli na migahawa vilikuwa ndani ya daraja la 42, pamoja na huduma nyingine nyingi zisizo na kwao. Kuanzia Januari 2002 daraja hilo liligawanywa, yakaongezwa matatu, na hoteli na migahawa vikahamia la 43. Kwa hiyo anayefungua nyumba ya wageni kati ya Kunduchi na Bagamoyo asipekue la 43 peke yake. Jina analolitaka linaweza kuwa limelala kwenye la 42 tangu miaka ya 1990, na mwenyewe anahuisha. Orodha ya bidhaa zilizomo ndani ya kila daraja nayo hurekebishwa kila mwaka, hivyo karatasi aliyotumia rafiki yako zamani si ya kunakili.

Mwisho ni kwa wale ambao bidhaa zao zinapanda jahazi. Cheti cha Bara hakivuki maji. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na ofisi yake, BPRA, na Kenya nayo ina ofisi yake Nairobi. Mwenye sabuni ya mwani au chumvi inayouzwa Darajani, Unguja, anatakiwa kuomba kule pia, na huko nako ataulizwa swali lilelile: bidhaa gani hasa, na ya kufanyia nini?